Usiku Moto Ulipoingia Ziwa Kivu, na Niliyojifunza Nikiwa Kayole

Nikiwaambia wateja wangu hapa Kayole kwamba kwetu ni Goma, mashariki mwa Kongo, kwanza huniuliza habari za vita. Nikisema kuwa nyumba yetu haikuchukuliwa na vita bali na mlima, hunyamaza kidogo, halafu linakuja swali ambalo nimelisikia tangu nifike Nairobi: na mama yako bado anaishi huko huko? Anangoja nini?

Kwa miaka mingi sikuwa na jibu, maana hata mimi nilikuwa nikimuuliza vivyo hivyo.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 13. Tarehe 17 Januari ilikuwa Alhamisi. Ardhi ilikuwa imetetemeka siku kadhaa, na watoto tulishazoea kuona maji yakichezacheza ndani ya ndoo. Mlima Nyiragongo uko chini ya kilomita 20 kutoka mjini, na usiku anga la juu yake huwa jekundu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka kwa kuona moshi. Alikuwepo mtaalamu wa volkano pale Goma, Dieudonné Wafula, aliyeziona dalili mapema na kuonya. (Jina hilo likitajwa hapa Kenya, watu hudhani ni Mbukusu wa magharibi mwa Kenya.) Onyo lake halikufika mtaani kwetu. Mji ulikuwa chini ya waasi, na kila mtu alikuwa na la kuhangaikia.

Asubuhi ile mlima haukulipuka juu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Ulipasuka ubavuni, na nyufa zikashuka kuelekea mjini. Mchana watu walianza kupita mbio barabarani na magodoro kichwani. Mama alitoka nje, akatazama juu, akarudi ndani na kusema maneno ambayo hadi leo nayasikia kwa Kiswahili chetu cha Goma: "Moto inakuya. Shika mutoto."

Mimi nilimbeba mdogo wangu mgongoni. Bibi alichukua sufuria na unga. Mama alifungua kichwa cha cherehani yake kutoka kwenye meza, akakifunga kwa kitenge, akajitwika. Meza na pedali vilibaki. Tulipokuwa tukivuka mpaka kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, nilimwona akiyumba kwa uzito wa kile chuma, na jirani mmoja akamsihi akitupe. Hakumjibu. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha mwaka mzima uliofuata.

Usiku tulikaa kwenye mteremko, watu maelfu kwa maelfu, tukiutazama mji wetu ukiungua. Lava ilikuwa imepita katikati ya Goma kama mto, mahali pengine upana wake ukifika mamia ya mita. Ilikuwa imefunika sehemu ya uwanja wa ndege, imebomoa kanisa kuu, imekata mji vipande viwili. Halafu ikafika ziwani.

Sijui niielezeje sauti ile. Chuma cha moto kikitiwa majini na mhunzi hulia mara moja kikanyamaza. Hii ililia usiku kucha. Wingu jeupe la mvuke lilipanda kutoka majini likiwa na wekundu chini yake. Watu waliokuwa wametulia wakati nyumba zao zinateketea walianza kulia sasa, kwa sababu ya ziwa. Wazee walisema kuna kitu kimelala chini ya maji yale, na moto ukikigusa kitaamka. Bibi alikaa akiwa amenipa mgongo, uso wake umeelekea Kivu, hakulala.

Asubuhi ziwa lilikuwepo.

Siku ya tatu tulirudi. Mashirika yalitaka watu waende kambini, lakini wengi walikuwa wamekwisha kugeuza njia. Ilitubidi kukatiza juu ya lava ambayo juu imeganda, chini bado ina moto. Ulikuwa ukikanyaga haraka haraka, na ukisimama unasikia harufu ya plastiki ya kandambili zako. Watu wapatao 120,000 walikuwa hawana makao, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Palipokuwa nyumba yetu palikuwa na jiwe jeusi lenye mawimbi, refu kunishinda. Tukaenda ziwani, mahali tulipokuwa tukichota maji na kufulia. Hapakuwepo. Ufuo ulikuwa umesogea. Lava ilikuwa imeingia ndani ya maji na kutengeneza nchi kavu mpya, na kule mbele yake maji yalikuwa bado yanatoa mvuke. Mama alipanda juu ya miamba ile, akashuka upande wa pili na bidoni, akachota, akayanusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi. Kisha akatuambia tusubiri hadi jioni. Alipoona hajaumwa, tukanywa.

Hilo nililikasirikia kwa miaka. Nilipokuja Nairobi mwaka 2006 kuishi kwa mama mdogo, kila nilipofungua bomba (siku zile maji yalipopatikana), nilikumbuka mama akiwa ameinama juu ya maji ambayo hakuna aliyejua yana nini, akijifanya yeye kipimo.

Nairobi nilijiona nimefika salama. Nilijifunza kushona kwa bidii, nikapata kibanda cha kukodi Kayole, nikawa nashona vitenge na baadaye sare za shule na suti. Watu walicheka Kiswahili changu, nikakinyoosha. Lakini mfuko wenye vitambulisho na nguo za kubadili uliendelea kukaa karibu na mlango, na kichwa cha cherehani yangu sikukikaza kwa skrubu zote. Niliacha moja imelegea.

Tarehe 17 Julai 2007, Jumanne jioni, jiji lilitikisika. Wakazi wa Nairobi wa wakati ule watakumbuka: watu walitoka maofisini wakajaa barabarani, na mitetemeko iliendelea siku kadhaa. Kitovu kilikuwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, na mlima huo ulikuja kulipuka kwa nguvu mwezi Septemba. Mimi sikujua hayo. Nilipoona mkasi unatembea mezani wenyewe, niling'oa kichwa cha cherehani nikatoka nacho mbio hadi barabarani. Wenzangu walikuwa wameshika simu. Mimi nilikuwa nimekumbatia chuma, natetemeka, namtafuta mdogo wangu ambaye hakuwepo.

Siku hiyo niligundua kuwa kukimbia hakukuwa kumeniponya.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa jiografia aliyekuwa akishonesha suti kwangu. Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, volkano ya karibu kutoka hapa iko wapi. Nilitarajia atataja Longonot au Suswa. Akanyoosha mkono akaweka kidole kwenye ukuta wa kibanda changu. "Hii hapa, dada," akasema.

Akanieleza kwamba mawe yanayochongwa Njiru na Ndarugo, yaliyojenga nyumba nyingi za Eastlands, upande huu wetu wa Nairobi, ni majivu ya volkano za kale yaliyoshindiliwa yakawa mwamba. Vilima vya Ngong ni mabaki ya mlima wa volkano ulioporomoka upande mmoja Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Na Longonot haijafa: vipimo vya satelaiti vilionyesha kuwa kati ya 2004 na 2006 ardhi yake iliinuka kama sentimita 9. Nililala nyumbani kwangu usiku ule nikitazama ukuta kwa macho mengine. Nilikuwa nimekimbia jiwe jeusi nikaja kujificha ndani ya jiwe la kijivu, ndugu yake.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Mwalimu alinipa vitabu, na vingine nikavitafuta mwenyewe kwenye simu. Nilitaka kujua hasa kuhusu ziwa, kwa sababu mlima niliuona kwa macho yangu, lakini kile wazee walichosema kimelala chini ya maji hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kumbe Kivu lenyewe ni mtoto wa volkano. Maelfu ya miaka iliyopita maji ya upande ule yalitiririka kuelekea kaskazini, hadi Ziwa Edward na kuendelea Naili. Milima ya Virunga ilipoinuka na kumwaga lava yake, ikaziba bonde. Maji yakajaa, yakapanda mabondeni, yakatafuta njia ya kusini, na leo yanatoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Ndiyo maana ukingo wa Kivu una hori nyingi zenye kona kali: ni mabonde ya zamani yaliyozama. Kina chake kinakaribia mita 480. Ukiupanga mnara wa KICC, lile jengo refu la mikutano hapa Nairobi, mmoja juu ya mwingine, minne yote inazama na bado nafasi inabaki.

Na kule chini kweli kuna kitu kimelala. Chemchemi za moto zinaingiza maji yenye chumvi na gesi kutoka ardhini, na kwa kuwa maji hayo ni mazito, yanabaki chini. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Kilichofungiwa humo ni kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia gesi isitoke, kama kizibo kinavyozuia soda. Kule Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake kwa ghafla usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa, wengi wakiwa wamelala. Nyos ni dimbwi ukililinganisha na Kivu, na kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Nilipoyasoma hayo niliiweka simu chini nikatoka nje. Nilimkumbuka Bibi na uso wake uliogeukia maji. Hakujua neno methani, lakini alijua ni wapi pa kutazama. Wataalamu waliochunguza baada ya 2002 waliona kuwa lava haikushuka hadi kina ambako gesi nyingi imehifadhiwa, chini ya mita 250 hivi. Tuliponea hapo.

Nikakumbuka pia mazuku. Nikilitaja neno hili Kayole watu husikia mizuka, wanadhani nazungumzia mapepo. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini kandokando ya ziwa, magharibi mwa Goma, ikajikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Ni kaboni dioksaidi, nzito kuliko hewa, haina rangi. Utotoni tulifundishwa bila kuelezwa sababu: usilaze mtoto mahali pa chini, usipite bondeni alfajiri kabla ya upepo, na ukimkuta mbuzi amelala bila jeraha usiiname kumshika. Nilikuwa nimeyaweka mafundisho hayo kapu moja na hadithi za kutisha watoto. Sasa nayaona kuwa elimu kamili, na aliyenipa ni bibi asiyejua kusoma.

Halafu ikaja 2021. Jumamosi tarehe 22 Mei, saa moja jioni hivi, simu ikalia. Mama. Nyuma yake nilisikia kelele zile zile za miaka 19 iliyopita. Safari hii hapakuwa na tahadhari yoyote iliyotangulia. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, haikufika ziwani, lakini watu wapatao 32 walikufa. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihame, kwa sababu vipimo vilionyesha moto wa chini umesogea chini ya mji hadi chini ya ziwa. Hofu ilikuwa ni ile ile ya usiku wa 2002: ukitokea ndani ya maji, itakuwaje?

Mimi sasa nilikuwa nimesoma. Nilijua takwimu zote, na kujua kulinifanya mkali. Nilimpigia mama kelele kwenye simu. Alitembea na umati hadi mji mdogo wa Sake, magharibi mwa Goma, akalala nje. Nikamtumia nauli ya kuja Nairobi. Hela hiyo aliinunulia turubai na unga, akagawana na majirani, na baada ya siku chache akarudi Goma.

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Nilimwambia anapenda kufa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema taratibu: "Mama, kule kwako mimi ni mugeni. Apa niko kwetu." Kwetu mama humwita binti yake mama, kwa mapenzi. Aliniita hivyo hata siku ile.

Tulikaa wiki kadhaa bila kuzungumza vizuri.

Katika wiki hizo nilisoma habari za ziwa jingine, Spirit Lake, lililo chini ya Mount St. Helens kule Marekani. Tarehe 18 Mei 1980 ubavu wa kaskazini wa mlima huo ulimeguka, na sehemu ya poromoko ikaangukia ziwani. Maji yaliruka yakapanda miteremko hadi mita 260 hivi, yakarudi yamebeba msitu mzima. Ziwa lilijaa kifusi hadi uso wake ukapanda kama mita 60 juu ya ulipokuwa. Maji yaligeuka meusi, yakakosa oksijeni, samaki wakafa. Ndani ya miaka michache yakaanza kusafika yenyewe, na baadaye samaki wakaonekana tena. Magogo ya siku ile bado yanaelea, upepo unayasukuma huku na huku.

Kando ya ziwa hilo aliishi Harry Truman, mzee wa miaka 83 mwenye nyumba ya wageni. Wiki nyingi kabla ya mlipuko aliambiwa ahame, akakataa. Alisema pale ndipo maisha yake yalipo. Alizikwa humo humo na nyumba yake. Wamarekani walimwandika magazetini wakiwa na heshima, wakamtungia nyimbo.

Nililisoma hilo mara mbili, nikalia. Mzee yule alikuwa na mahali pa kwenda na gari la kumpeleka, akabaki, akaitwa shujaa. Mama yangu alikimbia mara mbili kwa miguu yake, mara ya kwanza akiwa na watoto na mama yake mzee, akaokoa kila aliyekuwa naye, kisha akarudi kwa sababu riziki yake iko pale. Naye anaitwa mjinga, tena na binti yake.

Mwezi Agosti 2022 nilipanda basi la Kampala, kisha Kigali, kisha Gisenyi. Mama alinipokea mpakani na hatukuzungumza habari za simu zile. Alinipeleka nyumbani. Nyumba yake imekaa juu ya lava ya 2002, na kuta za chini amezijenga kwa lava ile ile iliyovunjwavunjwa kwa nyundo. Mji wote wa Goma uko hivyo: jiwe lililoubomoa ndilo lililoujenga. Nilizigusa zile kuta nikamweleza habari za mawe ya Njiru. Alicheka kwa furaha kabisa. "Basi hata Nairobi ni kwetu," akasema.

Jioni tulishuka ziwani. Kwenye miamba ile niliyoiona ikifuka mvuke, watoto walikuwa wakiruka majini na wanawake wakichota maji. Giza lilipoingia, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, walitoka na mitumbwi yao mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimewashwa, wanaimba. Sambaza wenyewe si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha ufuo mzima. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, kuna mtambo unaovuta methani kutoka kilindini na kuzalisha megawati 26 za umeme tangu 2016. Nilimweleza mama kwamba kila gesi inayotolewa vile ni kidogo kinachopunguzwa kwenye mzigo wa ziwa. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kama wanaweza kuutoa wote. Nikamwambia hapana, si kwa maisha yetu.

Kisha yeye akanifundisha. Alinionyesha mabonde mawili karibu na kwake ambayo hayapiti alfajiri, njia mbili za kukimbilia zisizokatizana, na mahali alipoweka mfuko wake, nyuma ya mlango, sawasawa na wangu. Kichwa cha cherehani kiko juu ya meza. Nilikitikisa kidogo. Skrubu moja imelegea.

Mambo mengine yameharibika zaidi tangu wakati ule. Januari 2025 mji ulitekwa, na kwa siku nyingi sikumpata hewani. Hilo lina uchungu wake, na sitalichanganya na habari za ziwa.

Ila siku hizi simuulizi tena atahama lini. Nikimpigia asubuhi kabla ya kufungua kibanda, namuuliza kama upepo upo, kama maji yana rangi yake, kama mlima umewaka usiku. Ananijibu moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayesoma mizani. Kisha ananiuliza zamu yake:

"Na ule wenu wa pale, Longonot, amelala?"

"Amelala, mama."

"Umwangalie."